Utando kwenye glasi na maji ya ziwa

Glasi zikitoka kwenye mashine ya kuosha vyombo zikiwa na utando, mtu wa kwanza kulaumiwa ni sabuni. Inaongezwa. Zikitoka vilevile inaongezwa tena, kisha inatafutwa nyingine ya bei kubwa zaidi. Kwa anayeishi Mwanza na kutumia maji ya ziwa, njia hiyo huzidisha tatizo, na nimeona inavyoziharibu glasi nzuri zisirudi tena katika hali yake. Naandika haya kwa sababu mashine hizi zimeanza kuingia kwenye nyumba za wageni na majumba ya huku kwetu, na maelekezo yanayokuja nazo yameandikwa kwa ajili ya maji ya watu wengine.

Mashine ninayoizungumzia iko jikoni kwa shangazi yangu, mwenye nyumba ndogo ya wageni upande wa Ilemela, juu mlimani katikati ya mawe. Binamu yangu aliporudi kutoka Ujerumani aliipakia kwenye kontena pamoja na vyombo vyake vingine. Ni mashine ya kawaida ya nyumbani, imetumika lakini ni nzima. Shangazi aliipokea kwa furaha, maana asubuhi wageni wakishamaliza chai na chapati sinki hufurika, na bado kuna vyombo vya usiku. Miezi ikapita, malalamiko yakaanza. Glasi zina ukungu. Sahani zina chengachenga. Sufuria zinaacha weusi mikononi. Dada anayemsaidia jikoni alifikia hatua ya kuosha kwa mashine kisha kusuuza kila kitu upya kwenye beseni.

"Mwanangu," shangazi aliniambia kwenye simu, "hii kitu inakula sabuni na luku, na kazi bado tunafanya sisi. Njoo uitazame. Ikishindikana tuiuze, atakayeiweza aichukue."

Nilipofika nikakuta tayari amemwita fundi, kijana mmoja anayetengeneza friji na mashine za kufulia. Alimwamkia shangazi kwa adabu zote, akainama, akaifungua, akasema mashine haina ubovu wowote. Ushauri wake ulikuwa ni kuongeza chumvi ya mashine kwenye lile tundu la chini (kazi yake nitaieleza mbele) na kununua sabuni ya vidonge iliyo kali zaidi. Sikukubaliana naye, lakini katika jambo la kwanza alikuwa na haki: hakukuwa na kifaa kilichokufa. Pampu ilisukuma, hita ilichemsha, mlango ulifunga. Shida ilikuwa mahali ambapo kipimo cha umeme hakifiki.

Ni vizuri kuelewa kwanza mashine hii inafanya nini, maana wengi huifikiria kuwa ni sanduku linalojaa maji. Haijai. Inachukua lita chache tu, zinakaa chini kabisa, zinapashwa moto, halafu pampu inazirusha juu kupitia mikono miwili au mitatu yenye matundu, inayozunguka kwa nguvu ya maji yenyewe. Maji yakigonga vyombo yanarudi chini, yanapita kwenye chujio, yanarushwa tena. Ni maji yaleyale, mara nyingi sana, kabla hayajamwagwa na kuchukuliwa mengine ya kusuuzia. Mashine nyingi za miaka ya karibuni zinamaliza kazi nzima kwa takriban lita 10, pungufu ya ndoo moja kubwa. Uzuri wake uko hapo, na udhaifu wake uko hapohapo: kitu chochote kilichomo katika maji hayo machache, kiwe mchanga, wanga, chokaa au sabuni iliyozidi, kinapata nafasi nyingi za kubaki kwenye glasi yako.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, utando uulizwe wenyewe ni wa nini. Kuna njia za kufanya hivyo kwa vitu vya jikoni na vya duka la dawa.

Chukua chombo kikavu, pitisha kidole. Unga mweupe ukitoka, na kidole kikiloa kikateleza, hiyo ni sabuni ambayo haikusuuzwa. Kidole kisipoteleza, gusa unga huo kwa ncha ya ulimi. Ukiwa na ladha ya chumvi, basi kifuniko cha tundu la chumvi hakijakazwa au raba yake imekufa, na maji ya chumvi yanavuja ndani ya mashine. Kidole kikiteleza usionje, sabuni hizi ni kali kuliko ya kuoshea kwa mkono. Kisha loweka glasi kwenye siki nyeupe kwa dakika kadhaa. Ukungu ukiyeyuka ni chokaa, yaani madini ya kalsiamu yaliyoganda maji yalipokauka. Usipoguswa kabisa na siki, itazame glasi kwenye mwanga wa dirishani. Ukiona rangi kama za upinde wa mvua, au mikwaruzo myembamba isiyo na mkwaruzaji, hapo hakuna kitu juu ya glasi. Glasi yenyewe imeliwa.

Lipo na jaribio la tano ambalo sisi wala ugali na wali tunalihitaji kuliko watu wa mbali. Wanga ukibaki kwenye sahani hukauka kuwa ngozi nyembamba isiyoonekana vizuri, unaisikia tu ikikwaruza. Dondosha tone la iodini, ile ya vidonda, kwenye sahani hiyo. Pakigeuka bluu iliyoiva kuelekea nyeusi, ni wanga. Osha sahani hiyo vizuri baadaye.

Nilipozipanga glasi za shangazi mezani na kuzipitisha zote kwenye siki, zikagawanyika. Kundi moja lilisafishika likawa jipya. Kundi la pili halikubadilika hata kidogo. Sahani zenye chenga ziligeuka bluu kwa iodini. Malalamiko aliyokuwa akiyataja kwa pumzi moja yalikuwa na sababu tofauti, na ndiyo maana dawa moja, kuongeza sabuni, haikuweza kuyatibu.

Kundi la kwanza ndilo lililonishangaza, kwa sababu maji ya Ziwa Victoria hayana chokaa ya kutosha kufanya vile. Ziwa hili lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na kwa kiasi cha asilimia 80 hivi maji yanayoingia humo ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mvua haina madini. Mito inaleta sehemu iliyobaki, na huku kwetu mawe inayopita juu yake ni granite, jamii ya haya majabali yaliyobebana kila mlima wa Mwanza na lile Jiwe la Bismarck wanalopiga picha wageni. Jiwe hilo haliyeyuki kirahisi. Wataalamu huyaita maji laini yanapokuwa na chini ya miligramu 60 za ugumu (yaani madini kama kalsiamu) kwa lita, zikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti, na maji ya ziwa letu yako chini ya mstari huo. Ndiyo sababu ya sabuni kutoa povu jingi ukioga kwa maji ya ziwa, na birika la chai kukaa muda mrefu bila kuota ganda jeupe ndani.

Nikamuuliza shangazi kama mashine inatumia maji ya ziwa wakati wote.

"Ya bomba yakiwepo," alisema. "Yasipokuwepo tunafungulia ya kisima."

Hapo nikapata nilichokuwa nakitafuta. Nyuma ya nyumba kuna kisima kirefu kilichochimbwa kwa ajili ya siku za ukame, na mabomba ya jikoni yanaweza kuchukua kutoka kwenye tanki lolote kati ya mawili kwa kugeuza koki. Maji ya kisima yamekaa ardhini muda mrefu, yamejipenyeza kwenye nyufa, yamebeba kila yalichokutana nacho. Kuyajua huhitaji maabara. Chukua chupa mbili za maji ya kunywa zilizo wazi, weka maji ya ziwa katika moja na ya kisima katika nyingine, hadi nusu. Kwangua sabuni ya mche, kiasi kilekile kila chupa, funga, tikisa kwa nguvu. Ile ya ziwa ilisimamisha povu zito hadi shingoni. Ile ya kisima ilitoa povu haba lililokufa upesi, na juu yake yakaelea mabonge meupe ya uchafu wa sabuni. Shangazi na yule dada walisimama wakitazama, na yule dada akasema sasa ameelewa kwa nini sare zake zinakuwa ngumu zikifuliwa siku za maji ya kisima.

Iwe sabuni ya mche, siyo ya maji. Sabuni za maji za siku hizi hutoa povu hata kwenye maji magumu na zitakudanganya.

Sasa tuje kwenye chumvi, maana hapo ndipo fundi na mimi tulipotofautiana, na nadhani mafundi wengi wanashikilia alichoshikilia yeye. Mashine nyingi za Ulaya zina kifaa cha kulainisha maji kilichofichwa chini. Ndani yake kuna punjepunje za plastiki maalumu zinazofanya kazi ya duka la kubadilishia fedha: maji yanapopita yanaacha kalsiamu na kupokea sodiamu. Sodiamu ikiisha dukani, mashine inazisafisha punje hizo kwa maji ya chumvi ili zianze upya. Hiyo tu ndiyo kazi ya chumvi ile. Haiendi kwenye vyombo wala haiongezi usafi. Na kiasi cha kulainisha kinapangwa na mwenye mashine kulingana na ugumu wa maji ya mji wake.

Kwenye mashine ya shangazi kiwango kilikuwa kimebaki kule kule alikokiacha binamu Ujerumani, juu kabisa, kwa kuwa mji alioishi una maji magumu. Hakuna aliyekigusa tangu kontena lifunguliwe. Kwa hiyo maji ya ziwa, ambayo tayari ni laini, yalikuwa yakilainishwa tena, kisha yakikutana na kidonge kizima ambacho nacho kina vilainishi vyake ndani. Sabuni za mashine zina magadi ya sodiamu kaboneti na wenzake, vitu vyenye ukali wa kuvunja mafuta. Katika maji magumu sehemu ya ukali huo inatumika kupambana na madini. Katika maji laini kupita kiasi haina cha kupambana nacho, na ikiwa moto, inaanza kuyeyusha glasi yenyewe kidogokidogo. Glasi za kundi la pili ziliharibiwa hivyo. Hakuna siki, limau wala dawa itakayozirudisha.

Ndiyo maana nasisitiza bila kusitasita: kama unatumia maji ya ziwa peke yake, shusha kiwango cha kulainisha hadi chini kabisa. Kwenye mashine nyingi kiwango cha sifuri hukizima kifaa hicho, na huna haja ya kununua chumvi. Namna ya kushusha imeandikwa kwenye kijitabu cha mashine. Kama kimepotea, andika namba ya modeli iliyo kwenye ukingo wa mlango na ukitafute kwenye intaneti. Halafu punguza sabuni. Hapa naipenda ya unga kuliko vidonge, kwa sababu unga unapimika. Kidonge kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye maji magumu na vyombo vilivyokaukiwa, na huwezi kukiambia kipungue. Tulianza na nusu ya kipimo kinachoandikwa kwenye pakiti, na vyombo vikatoka safi kuliko awali.

Kwa maji ya kisima mambo yanageuka. Hapo ndipo chumvi inahitajika na kiwango kipandishwe. Lakini mashine moja haiwezi kupangwa kwa maji mawili yanayopishana kila wiki, kwa hiyo tuliamua mashine isipate maji ya kisima kamwe. Kwa kuwa inatumia maji kidogo, tanki dogo la maji ya ziwa linalotengwa kwa ajili yake linatosha kupitisha siku ambazo bomba limenyamaza. Kisima kinaendelea kumwagilia bustani na kusafisha sakafu.

Zikabaki chenga za wanga, na hizi ndizo zilizochukua muda mwingi. Kabla ya kutia mkono chini ya mashine, chomoa plagi. Toa kikapu cha chini, zungusha chujio, livute. La shangazi lilitoka na mifupa myembamba ya sato, ukoko wa ugali uliolowana ukawa kama gundi, punje za wali, vijiti vya meno, na tabaka la mafuta ya samaki yaliyoganda. Sangara ana mafuta mengi, na mafuta yake yakipoa yanashika chujio zima yasipite hata maji. Chujio likiziba, maji yanatafuta njia ya pembeni, yanabeba chenga, pampu inazirusha juu ya sahani zilizokwisha kuoshwa. Tulilisugua kwa maji ya moto na mswaki mkuukuu. Wanaopika samaki kila siku walisafishe kila usiku, hakuna njia ya mkato. Na mabaki yafutwe kwenye ndoo ya taka kabla sahani haijaingia, hasa ugali. Kuusuuza kwa maji si lazima, kuukwangua ni lazima.

Baada ya chujio, mikono ya kurushia maji. Inatoka kwa kuvuta au kwa kufungua nati moja ya plastiki. Itikise sikioni. Ikilia mchanga, imekula chenga, nazo zimeziba matundu kutokea ndani. Nilipitisha waya mwembamba kila tundu, nikaielekeza chini ya bomba hadi maji yakatoka kila mahali sawasawa. Angalia pia kama unaporudisha vyombo mkono unazunguka bila kugonga kitu. Mwiko mrefu uliochungulia chini ya kikapu unausimamisha mkono, na nusu ya vyombo havipati maji kabisa. (Miko ya mbao isiingie humo hata hivyo, inapasuka.) Ukitaka kujua kama unazunguka kweli, kumbuka umeelekea wapi, washa mashine kwa dakika chache, isimamishe, fungua. Ukiukuta palepale kila unapojaribu, haujasogea.

Mwisho wa usafi huo tulisafisha raba ya mlango kwa kitambaa, tukaweka bakuli la siki kwenye kikapu cha juu, tukaiendesha tupu kwa maji ya moto kabisa. Hilo lifanywe mara mojamoja, maana asidi inachakaza raba. Na siki isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kutolea madoa, ndani ya mashine au nje yake: vinapokutana hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu.

Wanga huvunjwa na vimeng'enya vilivyomo kwenye sabuni, na vimeng'enya hivyo vinahitaji maji ya moto, hasa kati ya nyuzi 50 na 60, na muda. Hapo nyumba zetu zina adui mwingine, umeme mdogo wa jioni. Nguvu ya hita haishuki sambamba na umeme, inashuka kwa kasi zaidi: hita iliyotengenezwa kwa volti 230 ikipewa 180 inatoa asilimia 61 tu ya joto lake. Mashine nyingine zinasubiri hadi maji yapate moto, hivyo saa mbili zinageuka kuwa nyingi zaidi. Nyingine zinachoka kusubiri na kuendelea na maji ya uvuguvugu, na sahani zinatoka na mafuta. Nilimshauri shangazi mashine iwashwe mchana, au baada ya saa nne usiku watu wengi wakishazima pasi na majiko. Umeme ukikatika katikati, usiache vyombo vikauke na maji machafu juu yake. Ukirudi, anza upya kwa mzunguko mfupi.

Maji nayo yana nguvu yake. Kwenye kibati cha mashine ile imeandikwa kwamba inataka msukumo usiopungua baa 0.5. Kila mita 10 za kimo kati ya tanki na mashine hutoa takriban baa 1, kwa hiyo tanki lililo mita tatu juu ya jikoni linatoa baa 0.3, na haitoshi. Maji yanaingia kwa kusinzia, na katika mashine zinazopima muda badala ya kina, pampu inaanza kazi kabla maji hayajafika, inavuta hewa, mikono inazunguka kwa uvivu. Hapa mlima ulitusaidia. Nyuma ya nyumba lipo jabali pana lenye mgongo bapa, refu kuliko paa. Lile tanki dogo la maji ya ziwa tulilipandisha juu yake, tukalifunga vizuri, na sasa maji yanateremka kutoka zaidi ya mita sita. Kwenye tambarare ungejenga mnara au kununua pampu. Usisahau wavu mdogo ulio pale mpira wa maji unapoingia nyuma ya mashine. Wa shangazi ulikuwa umejaa mchanga na kutu.

Sasa kuhusu zile sabuni kali. Zipo kwenye maduka makubwa mjini, ni ghali, na nyingine ni za zamani zenye fosfeti. Fosfeti ilikuwa kiungo kizuri sana cha kazi hii, inashika madini yasigande na inabeba uchafu. Mwaka 2010 majimbo kadhaa ya Marekani yaliipiga marufuku kwenye sabuni za mashine, na Umoja wa Ulaya ukaiwekea kikomo kikali kuanzia 2017. Watengenezaji walipoiondoa, watu wengi waliona glasi zao zimeanza kupata ukungu, na walilalamika kwa sauti kubwa. Kilichosababisha marufuku hizo sisi tunakijua kwa macho. Fosforasi iliyomo kwenye fosfeti ikiingia ziwani ni mbolea. Maji yanageuka kijani, mwani ukifa na kuoza unakula hewa ya samaki, na magugu maji, yaliyoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, yanapata cha kula. Mtu aliyewahi kuona mitumbwi imefungiwa na magugu mwaloni hahitaji maelezo zaidi.

Najua mzigo mkubwa wa ziwa unatoka kwenye mmomonyoko wa mashamba, majitaka na moshi wa kuchoma nyika, si kwenye mashine chache za kuosha vyombo. Lakini huku mlimani maji ya jikoni hayana safari ndefu. Mengi yanaishia kwenye mitaro, mitaro inaingia Mto Mirongo au inashuka moja kwa moja, na ndimo tunamovuta maji ya kunywa. Watu wa maji magumu wanaweza kudai kwamba wanahitaji fosfeti. Sisi, kwa maji tuliyojaliwa, hatuna sababu hata moja ya kuinunua. Soma pakiti, na ikitaja fosfeti iache dukani.

Sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono isiingizwe kwenye mashine hata kama umeishiwa, wala ya unga ya kufulia. Povu lake linaijaza mashine, pampu inasukuma hewa badala ya maji, linatoka mlangoni, na vyombo vinabaki na utelezi. Kama ya mashine imeisha, osha kwa mkono siku hiyo.

Weusi wa sufuria hauna dawa ndani ya mashine. Ni alumini. Ngozi nyembamba inayoikinga alumini huyeyuka kwenye sabuni yenye magadi ya moto, sufuria inageuka kijivu hadi nyeusi na kuacha alama kwenye mikono, kwenye taulo, hata kwenye sahani nyeupe zilizo jirani. Sufuria za chuma kisichoshika kutu hazina shida hiyo. Za alumini, ambazo ndizo za ugali katika kila jiko la huku, zikae nje ya mashine. Hotpoti nazo: maji yanaingia kati ya kuta zake mbili na hayatoki. Sahani za plastiki na melamini zinaweza kuingia kama zimeandikwa kuruhusiwa, ila hazishiki joto, hivyo hazikauki zenyewe na kila tone linaacha doa. Mzunguko ukiisha fungua mlango mvuke utoke, kisha zifute. Kimiminika cha kusuuzia, kile kinachowekwa kwenye kitundu cha pembeni ya sabuni, kinasaidia maji yateleze yote kwa pamoja. Kwa maji ya ziwa kiweke kwenye kiwango cha chini, kikizidi chenyewe kinaacha michirizi ya bluu.

Fundi nilimpigia baadaye nikamweleza tulichofanya. Aliniuliza maswali mengi kuhusu jaribio la sabuni ya mche, na akasema ana mteja mwingine Nyegezi mwenye malalamiko hayohayo, ambaye amekwisha kuuziwa mfuko wa chumvi. Nimemwomba aanze na kuuliza maji yanatoka wapi.

Mpangilio niliouandika hapa ni wa maji ya ziwa. Walio Geita, Shinyanga au Musoma wanaotegemea visima wasiuchukue ulivyo. Fanyeni jaribio la chupa mbili kwanza, moja iwe na maji ya mvua mliyoyakinga wenyewe ili mpate cha kulinganisha nacho, na mkiandika kwenye maoni andikeni povu lilifika wapi, maji ni ya wapi, na siki iliutoa utando au haikuutoa.